Mate ya Nyanya, Kengele ya Freretown

Nyanya alitema mate mara tatu kabla kichupa hakijajaa hadi kwenye alama. "Haya ndiyo mnayosomea huko chuoni?" akaniuliza. Nilicheka, lakini mkono ulikuwa ukinitetemeka. Baba hakujua tunachofanya.

Nyumbani kwetu Kisauni, swali la asili lina jibu moja: sisi ni Wagiriama. Si uongo. Babu alikuwa Mgiriama, na kwetu mtoto huhesabiwa upande wa baba. Ila nyanya hakuwahi kusema yeye ni nani. Alijibu tu kwamba kwao ni Kengeleni, kana kwamba kituo cha matatu ni kabila.

Kengeleni imepata jina lake kutokana na mnara wa kengele ambao bado umesimama kando ya barabara. Mwaka 1873 Sultan Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Biashara yenyewe haikukoma siku hiyo. Manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na watu waliotolewa humo walihitaji pa kuishi. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walipoanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Zanzibar kuudai mkataba ule. Kengele iligongwa kuwaonya wakazi wafanyabiashara wa watumwa walipokaribia. Wakazi hao waliitwa mateka. James Mbotela, aliyezaliwa kijijini humo, alisimulia habari zao katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934.

Mama wa mama yake nyanya aliletwa hapo akiwa mtoto. Hilo nililipata kwa shangazi, kwa kunong'onezwa, siku ya matanga.

Nilihitaji mate ya nyanya kwa sababu yangu yasingefaa. Vinasaba vya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake wote, lakini ni binti tu anayevipitisha mbele. Baba anavyo, ila kwake vimefika mwisho. Mimi, mtoto wake, nimebeba vya mama yangu.

Majibu yalisema nyanya yuko katika kundi liitwalo L0a. Nilifurahi kwa dakika kumi, kisha nikasoma zaidi. Kundi hilo limeenea kote mashariki na kusini-mashariki mwa Afrika. Halimtambulishi Myao wala Mmakua. Ramani iliyoambatana na majibu ilipakwa rangi kuanzia kusini mwa Tanzania, ikapita Malawi hadi kaskazini mwa Msumbiji. Kampuni hulinganisha vinasaba vyako na vya watu wa leo waliokwisha kupimwa. Watu wa kwenu wakiwa wachache katika hazina hiyo, unapachikwa kwa jirani.

Hata hivyo, ramani hiyo ilinigusa. Ndiko misafara ilikotoka, ikishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, na huko mateka wakapakiwa majahazini. Historia ya Pwani ilikuwa imeniambia hayo kabla ya mate.

Nilikwenda pia kwenye daftari la ubatizo. Nikamkuta: jina la Kiingereza, mwaka, na neno "Mnyasa". Neno hilo nalo halifiki mbali, kwa kuwa watu wa Pwani walimwita hivyo karibu kila mtu aliyetoka upande wa ziwa. Jina alilokuja nalo halikuandikwa.

Baba aliyaona majibu mezani. "Unatafuta nini?" akasema. "Wajukuu zangu waje waitwe watumwa?" Sikumjibu. Hofu yake naielewa. Huku kwetu, mkizozania mpaka wa shamba, swali la kwanza ni kwenu wapi, na mtu asiye na kaya wala kaburi la babu wa babu yake hana la kusema. Amejenga nyumba, amesomesha watoto, na msingi wote umesimama juu ya jibu moja. Mimi nimekuja na kichupa cha mate kuuchimba.

Jioni hiyo nilimweleza nyanya kila kitu: kundi, ramani, daftari. Nikamwambia kwamba Wayao na Wamakua wote walihesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo mstari tulioupima ndio ambao mama wa mama yake angeujali. Alisikiliza huku akichambua mchele. Mwishowe akauliza jambo moja.

"Jina lake limo?"

"Halimo, nyanya. Vinasaba havina majina."

Akasukuma ungo kando. Kisha akalitaja, polepole, mara mbili, jinsi mama yake alivyomfundisha alipokuwa mdogo. Nililiandika kama nilivyolisikia, nikamsomea, akanisahihisha herufi moja.

Jina hilo sasa limo daftarini mwangu. Ameniomba nisilichapishe popote mpaka baba akubali kulisikia, na baba bado hajakubali. Kila Jumapili nikienda kuwasalimu naliweka daftari mkobani, endapo ataniuliza.