Kiingereza cha uhandisi wa meli: Mambo ya kujua kabla hujaomba chuo

Uko Bungu, milimani Usambara, unataka kuwa mhandisi wa meli. Fizikia na Hesabu unazimudu. Lakini kuna somo wengi hulidharau mpaka wafike chuoni: Kiingereza cha kazi.

Kwa nini ni lazima?
Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaosimamia mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka ofisa wa zamu ya injini ajue Kiingereza cha kutosha kusoma vitabu vya mitambo na kufanya kazi yake. Bila hicho, cheti hupati.

Kina tofauti gani na cha sekondari?
Hapa hufundishwi kuandika insha. Unajifunza kusoma mwongozo wa injini, kujaza kitabu cha kumbukumbu za zamu, kukabidhi zamu na kupokea amri. Gereji umezoea kusema "nozo". Kwenye mwongozo utakuta "fuel injector". Ni kitu kilekile, ila ukiagiza kipuri kwa jina la gereji unaweza usieleweke.

Neno moja, maana mbili
Amri ya "stop engine" maana yake simamisha, lakini kaa tayari, inaweza kuhitajika tena. "Finished with engine" maana yake injini kuu haihitajiki tena. Ukizichanganya, unazima mitambo wakati meli bado inatafuta gati. Ndiyo maana mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha orodha ya sentensi fupi za kutumika melini. Ukipewa amri, unairudia kwanza, unatekeleza, kisha unatoa taarifa kwamba tayari.

Gharama ya kutoelewana
Aprili 1990, meli ya abiria Scandinavian Star iliungua ikitoka Oslo kwenda Frederikshavn. Watu 159 walikufa. Mabaharia kushindwa kuelewana wao kwa wao na abiria ni moja ya mambo yaliyokwamisha uokoaji.

Uanzie wapi?
Hapa nchini, uhandisi wa meli unafundishwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI). Kabla hujafika huko, chukua mwongozo wa pikipiki au jenereta, soma ukurasa mmoja kwa siku, kisha mweleze mwenzako kwa sauti. Usiogope kuchekwa. Afadhali ukosee Bungu kuliko kukosea chumba cha injini.