Vichwa vya samaki wa mawe

Wandugu wahitimu, leo tutoke kidogo kwenye siasa. Tuongee samaki, na hasa kichwa cha samaki.

Ukitoka Runingu, ukapita Kiliba mpaka Uvira, unajua mwenyewe pwani ilivyo: mchanga, tope na matete, juu Ruzizi inamwaga udongo wake pale. Lakini ukiendelea kusini, baada ya Kalundu, mlima unaingia moja kwa moja majini na mawe yanaanza. Mawe, kisha mchanga pale mto unapoingilia, kisha mawe tena. Historia ninayotaka kuwasimulia inategemea mpangilio huo.

Ndagala na mukeke hawaujali. Wao ni wa maji ya katikati, leo wako kwetu, kesho upande wa Burundi. Lakini kuna samaki mdogo wa mawe, wataalamu wanamwita Tropheus. Anakwangua ukoga wa kijani juu ya jiwe, na jike anabeba mayai mdomoni mpaka watoto wawe tayari, kwa hiyo hata mayai hayapelekwi na maji. Kuvuka mchanga mrefu hataki. Basi kila kipande cha mawe kina ukoo wake. Kule Bemba wako weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa. Ukisonga mbele, rangi ni ingine. Leo wanahesabu aina za rangi zaidi ya 100 kuzunguka ziwa lote.

Mwingereza J.E.S. Moore alikuja ziwani miaka ya 1890 akitafuta bahari. Aliona konokono wanaofanana na wa baharini, akafikiri Tanganyika ni mabaki ya bahari ya zamani. Haikuwa hivyo. Ila samaki wake walifika London, kwa George Boulenger, na 1898 huyo akamwita mmoja Tropheus moorii. Boulenger hakuwahi kuliona ziwa. Alikuwa na samaki ndani ya pombe, na pombe inakula rangi. Kilichobaki ni kuhesabu magamba na miiba, kuangalia meno, kupima kichwa kinaingia mara ngapi katika mwili. Vipimo vikiachana vya kutosha, jina jipya.

Wabelgiji waliendelea na kazi hiyo. Msafara wao wa 1946 na 1947 ulikuwa na Max Poll, na kitabu chake juu ya jamii hii ya samaki kilitoka 1956. Mwaka 1947 waliunda IRSAC, na kituo chake cha Uvira ndicho leo tunaita CRH. Pale Georges Marlier alifanya kitu ambacho mimi nakiheshimu kuliko vipimo vya London: aliangalia samaki anaishi wapi, jiwe gani, maji ya kina gani. Mwaka 1959 aliandika juu ya Tropheus duboisi, ambaye akiwa mtoto ni mweusi wa madoa meupe, akikua anageuka kabisa. Mtoto na mzazi ukiwaweka mezani bila kujua, ungeweza kusema ni aina mbili.

Hapa kuna jambo la pembeni, lakini kwetu si dogo. IRSAC hiyo hiyo ilikuwa na Jean Hiernaux, aliyepima watu wa Ruanda-Urundi: vichwa, pua, urefu. Kitabu chake kilitoka 1954. Baadaye yeye mwenyewe akawa kati ya wataalamu waliokataa kugawa binadamu kwa rasi. Sisi wa tambarare ya Ruzizi tunajua hesabu za pua zimetufikisha wapi. Na tena, samaki wa mawe angalau ametenganishwa na mchanga asiouvuka. Sisi tunavuka kila siku kwenda sokoni, tunaoana.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wajapani walifika Uvira, timu ya Hiroya Kawanabe wa Kyoto, wakafanya kazi pamoja na watafiti wa kwetu. Mmoja wao, Nshombo Muderhwa, mwaka 1985 alichapisha pamoja na Wajapani utafiti juu ya Perissodus microlepis. Huyu ni mwizi: anakuja nyuma ya samaki mwenzake, anamng'oa magamba, anakimbia. Fuvu lake halilingani pande mbili. Wengine mdomo umepinda kuume, wengine kushoto. Aliyepinda kuume anashambulia ubavu wa kushoto, na kinyume chake.

Michio Hori aliwahesabu mwaka hadi mwaka katika maji yetu ya kaskazini, akachapisha matokeo 1993. Wa kuume na wa kushoto walikuwa karibu nusu kwa nusu, lakini mizani inayumba. Wa kushoto wakizidi, samaki wanaoibiwa wanajifunza kulinda upande huo; basi wachache wa kuume wanashiba na kuzaa zaidi, mpaka mizani inageuka. Vichwa viwili, samaki mmoja, tena baba mmoja anaweza kuzaa wote wawili.

Kule kusini, upande wa Zambia, watafiti wa Graz, Austria, walilinganisha Tropheus wa ziwani na waliozaliwa bwawani. Maisha ya bwawa yalibadilisha umbo la mwili kweli. Hata hivyo, matokeo yao ya 2011 yalionyesha kila ukoo bado unatambulikana. Yaani umbo ni urithi na mahali kwa pamoja. Boulenger na rula yake asingeweza kuona hilo.

Sasa, Andrew Cohen na wenzake walishaandika 1993 kwamba huku kaskazini, mahali ambapo udongo wa milima iliyokatwa miti unaingia ziwani, aina za viumbe zinapungua. Mwezi wa ine 2020 Mulongwe ilijaa, tukazika watu wengi Uvira, na tope lote lile lilikwenda ziwani. Ukoo wa Tropheus ambao mawe yake yamefunikwa hauna pa kuhamia.

Kwa wadogo zetu wanaotafuta somo la kazi ya mwisho: chukueni kipande kimoja cha mawe kati ya Kalundu na Makobola, hesabuni, pigeni picha, pimeni vichwa, halafu rudini pale pale baada ya mvua.