Joto la Taa

Ewe msomaji, ukipita Mbotela, mtaa wa Nairobi uliopewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa siasa aliyeuawa mwaka 1952, ingia katika kibanda cha fundi cherehani uitazame taa yake ya LED. Balbu ya zamani, yenye uzi uwakao, ilitupa joto lake nje pamoja na nuru. Hii haiwezi. Joto lake hubaki nyuma ya kijiwe kiangazacho, nalo lisipopata njia, taa hufifia na kufa kabla ya wakati wake. Ndiyo sababu hufungiwa bamba la alumini lenye mapezi, lipokee joto na kuikabidhi hewa.

Bamba hilo hukadiriwa kwa hesabu kabla halijatengenezwa. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kanuni za mwendo wa joto. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Lewis Fry Richardson, akichunguza ukuta wa bwawa, aliugawanya katika miraba midogo na kukokotoa kila mmoja kwa mkono. Siku hizi kompyuta hukokotoa vipande mamilioni.

Walakini kompyuta hujibu lile tu ililoulizwa. Ukiiambia kwamba hewa ni baridi tena yavuma, itaisifu taa. Bali chini ya bati la moto, mapezi yakijaa vumbi, taa itakufa, na fedha ya fundi itapotea bure. Basi, kijana, kabla ya kuiuliza mashine, yakupasa kwenda kupima joto la mahali penyewe.