Kumwambia mtoto mdogo kwamba mtu amekufa

Mtoto wa miaka minne akifiwa na koko wake, neno analolisikia kwanza mara nyingi si "amekufa". Anaambiwa koko amelala, amesafiri, ametuacha, Mungu amemwita. Sisi tunaofundisha ekodim hapa Kisangani tunayatumia maneno hayo kila siku, maana ni ya heshima na yanapunguza makali ya habari kwa watu wazima. Lakini mtoto wa umri huo huchukua neno kama lilivyo. Koko aliyelala ataamka. Aliyesafiri atarudi na zawadi, au angalau atapiga simu. Na huyu aliyetuacha, alikasirishwa na nani?

Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alichapisha matokeo ya kazi yake na watoto wa Budapest, Hungaria, wenye miaka 3 hadi 10. Wadogo kabisa walikiona kifo kama safari au usingizi, hali ambayo mtu anaweza kutoka. Wa umri wa kati walikifikiri kama mtu anayekuja kuwachukua wengine. Ni karibu na miaka 9 ndipo wengi walielewa kwamba kifo hakirudi nyuma na kitamfikia kila mmoja. Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana juu ya miaka hiyo, na mtoto aliyeona vifo karibu naye huweza kuelewa mapema zaidi. Hata hivyo jambo moja limebaki: mtoto mdogo hajui peke yake kwamba mwili uliokufa hauoni njaa, hausikii baridi wala giza la kaburini. Lazima aambiwe.

Basi tunawashauri wazazi waseme wazi, kwa sauti ya upole, mtoto akiwa karibu na mtu anayemzoea: "Koko amekufa. Moyo wake umesimama. Hapumui tena, hasikii maumivu, na hatarudi nyumbani. Sisi wote tuna huzuni." Kisha nyamazeni. Pengine atalia, pengine atatoka kwenda kucheza mpira, halafu jioni atauliza swali lile lile kana kwamba hakuambiwa. Shangazi wengine humkemea hapo kwamba hana heshima kwa marehemu. Sivyo. Huzuni ya mtoto huja vipande vipande, na kuuliza tena ndiyo njia yake ya kuelewa.

Wapo wanaotujibu kwamba Biblia yenyewe huita kifo usingizi. Ni kweli, na hata neno la Kifaransa "cimetière" linatoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya mahali pa kulala. Lakini someni Yohana 11 polepole. Yesu aliposema kwamba Lazaro amelala, wanafunzi wake, watu wazima wenye ndevu, walidhani ni usingizi wa kawaida na kwamba mgonjwa atapona. Ndipo akawaambia waziwazi kwamba Lazaro amekufa. Ikiwa mitume walihitaji kuambiwa wazi, mtoto wa chekechea je? Katika sura hiyo hiyo Yesu analia, ingawa anajua atakalolifanya muda mfupi baadaye. Mtoto anayekatazwa kulia eti kwa sababu "sisi ni watu wa imani" ananyimwa kitu ambacho Bwana hakujinyima.

Sentensi ya "Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda" inahitaji uangalifu zaidi. Mtoto anahesabu: Mungu ananipenda mimi pia, na ananipenda sana, wanasema hivyo kila Jumapili. Kwa hiyo usiku haombi tena kwa furaha, anaomba kwa woga. Ni afadhali kutaja sababu anayoweza kuielewa (malaria kali, moyo uliochoka, maji ya mto), na kusema kwamba Mungu hakufurahia kifo hicho, na kwamba tunamtumaini atawafufua walio wake.

Hapa kwetu kuna hatari kubwa kuliko maneno. Watoto wadogo huamini kwamba mawazo yao yanafanya mambo yatokee. Aliyemkasirikia ndugu yake asubuhi, na ndugu akafa jioni, anaweza kubeba hatia hiyo kimya kwa miaka. Mwambieni hata kama hajauliza: "Hakuna ulichosema, ulichofikiri wala ulichofanya kilichomuua." Halafu fikirini mtoto huyo huyo akisikia chini ya turubai la matanga watu wazima wakinong'ona kwamba kuna ndoki katika lupango. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mdogo asiye na mtetezi: yatima, mtoto wa mke wa kwanza, anayekojoa kitandani. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa anayefanya hivyo. Mchungaji au nabii hana msamaha katika sheria hiyo. Na Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, alikataa hesabu hiyo ya kutafuta mkosaji.

Kuhusu mazishi: mwelezeni kabla atakachokiona, yaani sanduku, udongo, watu wakipiga kelele za kilio, kisha mwacheni achague. Asilazimishwe kumbusu marehemu.

Wazee wa jiji hili wana mzigo wao. Wajukuu huuliza juu ya vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya Kisangani na raia wengi kufa, na koko hunyamaza. Vivyo hivyo familia zilizokimbia vijiji vyao 2023 wakati wa mgogoro wa Wambole na Walengola ng'ambo ya Lubunga. Mtoto hahitaji habari zote. Anahitaji kujua nini kilitokea kwa ufupi, kwamba halikuwa kosa lake, na nani anamlinda leo usiku.

Akiuliza marehemu yuko wapi sasa, jumuiya za ECC hazijibu wote sawasawa. Wengine husema yuko na Kristo tayari, wengine kwamba anangoja ufufuo. Jibuni kama mnavyoamini, bila kuongeza picha ambazo Maandiko hayakutoa. Kusema "koko anakutazama kila unachofanya" humtisha mtoto kuliko kumfariji.

Swali gumu huja usiku, taa ikiwa imezimwa: "Na wewe mama, utakufa?" Msiahidi uongo. "Ndiyo, siku moja, kama watu wote. Natumaini kuwa nawe miaka mingi. Na kama ningekufa mapema, mama mdogo angekulea." Ila kabla ya kulitaja jina lake kwa mtoto, zungumzeni kwanza na huyo mama mdogo mwenyewe.