Utando Mwangavu na Kazi ya Kukatua

Miongoni mwa istilahi ambazo ufundi wa magari umetuletea pasipo kutuletea jina lake la Kiswahili, imo ile ya tabaka la mwisho la rangi, tabaka lisilo na rangi yoyote, ambalo mafundi wetu wa gereji hulitaja kwa neno la kuazima, kilia, na wenye magari hawalitaji kabisa, kwa kuwa macho yao hulipenya wasilione. Walakini ni tabaka hilo ambalo hupata mikwaruzo kwanza, na ni hilo ambalo mtu hulisugua anapokaa nyumbani kwake na kopo la dawa ya kung'arishia na kitambaa, akidhani kwamba anasugua rangi. Asiyelijua jina lake hajui anachokipunguza, na asiyejua anachokipunguza hajui pa kukomea.

Tukitafuta jina, la kwanza litakalotujia ni vanishi. Lakini vanishi imekwisha kukaa katika fikira za watu kuwa ni dawa ya mbao, ya milango na vitanda. Lakiri ni nta ya kutilia muhuri barua na mizigo, nayo ina kazi yake. Tabaka ni neno zuri la Kiarabu, ila ni pana mno, kwa kuwa hata ardhi ina matabaka yake na watu wana matabaka yao, wala halimwambii msikiaji kama kitu ni kinene au chembamba. Linabaki neno utando, ambalo wenyeji hulitumia kwa kitu chembamba kilichotanda juu ya kingine na kushikamana nacho, mfano wa ule utando wa uji uliopoa. Na tukiliongezea sifa ya kupenywa na nuru, tunapata utando mwangavu. Jina hili lina faida ya kuonya, kwani hakuna asiyejua kwamba utando ni kitu cha kutoboka.

Nasi watu wa pwani si wageni wa jambo hili. Katika karne ya 19 sandarusi, yaani utomvu wa miti ya kale uliogandamana ukachimbuliwa ardhini katika Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, ilikuwa ni bidhaa mashuhuri ya Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts huko Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Sandarusi hiyo iliyeyushwa kwa moto, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Na magari ya mota yalipozuka, waundaji wake waliirithi kazi ile ile ya kupaka vanishi za mafuta tabaka baada ya tabaka, kazi ambayo kwa ajili ya kungojea kukauka ilichukua wiki kadhaa. Mnamo miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilitoa rangi yake ya Duco, yenye kukauka upesi, na General Motors wakaitumia katika magari yao ya Oakland ya 1924. Desturi ya sasa, ya kupaka rangi kwanza kisha kuifunika kwa utando usio na rangi, ilianza kuenea viwandani mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980.

Katika gari la namna hiyo, juu ya bati iko praima ishikayo na kuzuia kutu, juu ya praima iko rangi yenyewe, na juu ya rangi uko utando mwangavu. Vyote pamoja aghalabu havizidi mikroni 100 hadi 150, ambapo mikroni 1,000 ndizo zifanyazo milimita 1. Na katika hizo utando huwa na mikroni 40 au 50 tu, yaani haufikii unene wa unywele mmoja wa kichwa. Katika wembamba huo ndimo zilimo dawa zinazoikinga rangi na miale mikali ya jua, nao ukipunguzwa kupita kiasi, jua huimaliza rangi, ikapauka na kubanduka, hasa juu ya boneti na paa. Hata hivyo si kila gari lina utando. Baadhi ya magari ya rangi moja, hususan meupe na meusi, yalipakwa rangi peke yake. Na alama yake ni kwamba ukisugua kidogo kwa dawa mahali pa siri, kitambaa hutoka na rangi ya gari.

Sasa na tuutazame mkwaruzo wenyewe. Mkwaruzo si kitu kilichoongezwa juu ya gari hata kiweze kuondolewa. Ni upungufu, ni mfereji uliochimbwa, na weupe tunaouona ndani yake ni nuru inayotawanyika katika kingo zake badala ya kurudi moja kwa moja machoni. Kwa sababu hiyo, msemo wa kuondoa mkwaruzo umezoeleka lakini unapotosha, na mahali pake panastahili vitenzi vitatu, kila kimoja na kazi yake: kusitiri, kukatua na kuziba.

Kusitiri ni kuujaza mfereji nta au mafuta ili nuru isitawanyike. Ni kazi ya dakika chache, isiyodhuru kitu, na nyingi katika dawa zinazosifiwa sana hazina zaidi ya hilo. Gari likioshwa mara kadhaa, mkwaruzo hurudi kama ulivyokuwa.

Kukatua, ambalo ni neno la zamani la kusugua vyombo vya shaba hata ving'ae, ni kazi nyingine kabisa. Hapa mkwaruzo hauguswi. Kinachoguswa ni utando uliouzunguka, ambao hushushwa mpaka ulingane na kina cha mfereji. Hata dawa ya meno, ambayo watu huipaka wakastaajabu, haifanyi muujiza ila huu wa kukatua, kwa kuwa ina unga laini wa kusugulia. Mwenye kutaka kufanya kazi hii na aweke gari kivulini mpaka bati lipoe, alioshe kwa maji mengi, kwani punje moja ya mchanga chini ya kitambaa huleta mikwaruzo mipya. Kisha apitishe ukucha kukingama na alama. Ukucha ukiteleza, dawa ya kukatulia na kitambaa laini vitatosha. Ukigota kidogo tu, aweza kutangulia kwa msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, akiulowesha daima na kuusukuma polepole, mpaka mkwaruzo ufifie, ndipo akatue kwa dawa nzito, halafu nyepesi, na kumalizia kwa nta. Na ajihadhari na pembe na mikunjo ya bati, ambako utando huwa mwembamba zaidi. Msasa, tukumbuke, ni jina la mti ambao majani yake makavu yenye kukwaruza seremala wa zamani aliyatumia kulainishia mbao. Jani hilo na karatasi hii kazi yake ni moja, kula. Kwa hiyo mafundi waangalifu hawapendi kula zaidi ya robo ya utando katika umri wote wa gari, na mkwaruzo uliosalia hafifu huuacha.

Kuziba ni pale ukucha unaponasa, au inapoonekana praima au bati. Hapo kukatua ni israfu, maana utando utakwisha kabla ya kufika chini ya mfereji. Hutafutwa rangi yenyewe kwa namba yake, iliyoandikwa katika kibati kwenye mhimili wa mlango au chini ya boneti, mathalani 040, ambayo ni moja ya rangi nyeupe za Toyota. Hupakwa kwa brashi ndogo, matabaka membamba membamba, kila moja likauke, kisha hufuatia utando. Bati likiwa wazi katika miji ya pwani, yenye hewa ya chumvi, hilo si la kungojea, kwani kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima.

Basi mtungaji wa kamusi akitaka maelezo, na aandike hivi. Utando mwangavu: tabaka jembamba lisilo na rangi, lifunikalo rangi ya gari na kuikinga na jua. Kusitiri mkwaruzo: kuujaza kwa muda. Kuuziba: kuujaza kwa rangi na utando mpya. Kuukatua: kushusha utando mpaka ulingane na kina chake; na hapo aongeze kwamba kitenzi hiki hakina kinyume, kwa sababu utando uliokatuliwa haurudi ila kwa fundi kupaka mwingine.