Safari ya Chembe za Ubongo

Mapema katika karne ya 20 hapakuwa na bingwa wa elimu ya ubongo aliyempita Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Yeye alifundisha kwamba chembe za neva za mtu mzima zikifa hazipati warithi. Na kauli ya mtu wa cheo hicho ilipokewa kama hukumu isiyo na rufani.

Mwaka 1962 Joseph Altman, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts huko Marekani, alithubutu kuuliza kama hukumu ile ilikuwa kweli. Aliwadunga panya thaimidini yenye haidrojeni nunurishi. Chembe ijiandaayo kugawanyika huitwaa thaimidini hiyo, na alama yake hubaki katika wazao wake. Kipande cha ubongo kikipakwa dawa ya kupigia picha, palipo na alama hutokea vitone vyeusi. Alama ikionekana mbali na mahali ilipokuwa siku za kwanza, basi chembe imesafiri. Kwa njia hiyo, mwaka 1969, Altman alieleza mkondo wa chembe changa zitokazo kandokando ya vyumba vya maji vya ubongo, zikienda mbele mpaka sehemu ipokeayo harufu. Panya amekwisha kuzaliwa, na ujenzi ungali ukiendelea.

Wengi hawakujisumbua hata kumpinga. Walimpuuza, na kwa mwanachuoni hilo ni zito zaidi. Ilipita miaka 25 kabla Carlos Lois na Arturo Alvarez-Buylla hawajathibitisha, mwaka 1994, kuwa safari hiyo hufanyika hata katika panya waliokomaa. Miaka miwili baadaye namna yake ilijulikana: chembe hizo huteleza moja juu ya nyingine, zimeshikamana kama msafara, ndani ya mifereji iliyofanyizwa na chembe za aina nyingine. Mwaka 2011 Altman na Alvarez-Buylla walishiriki Tuzo ya Prince of Asturias ya Hispania. Altman alifariki mwaka 2016.

Na binadamu je? Uchunguzi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mkondo huo umo katika watoto wachanga, nao hudidimia kabla ya miezi 18. Tawi lake moja huelekea upande wa paji, mahali pa kufikiri na kujizuia, ambapo kwa panya halikuonekana. Mtoto anapolia kilio chake cha kwanza, baadhi ya chembe za ubongo wake zingali njiani.