Kiitaliano: makosa madogo yanayoangusha wenye kuandika

Tangu mwezi wa 12 mwaka 2018, mgeni anayeomba uraia wa Italia kwa ndoa ao kwa kuishi kule miaka mingi anaombwa, kwa kawaida, kuonyesha kama anajua Kiitaliano kwa kiwango cha B1, na kukiandika pia. Hapo alama ndogo zinasumbua watu, hata wazaliwa wa ile inchi.

La kwanza ni herufi h. Haisikiki, lakini inabadilisha maana: «hanno» ni wako na, «anno» ni mwaka.

La pili ni apostrofi. «Un po'» (kidogo) iko nayo, juu imekatwa toka «poco». Kuandika «un pò» ni kosa. Lakini «qual è» (ni ipi) haiko nayo. Rafiki mwanaume ni «un amico», mwanamke ni «un'amica».

La tatu ni aksenti. «E» ni na, «è» ni ni. «Perché» (kwa nini) inachukua é sawa ya «école» ya Kifaransa, hapana ya «père».

La ine, wasomi wa Kifaransa wanalijua: sawa vile «si j'aurais» ni kosa, «se avrei» pia ni kosa. Inafaa «se avessi».

Kule Firenze, Accademia della Crusca, iliyoanza 1583, ingali inajibu maulizo ya namna hii. Basi kuuliza si haya.